Goti la Njuguna

Mtu akikwambia Njuguna wa duka la vifaa vya ujenzi pale Silibwet ni mzembe, mkatalie hapohapo. Wiki nzima kabla ya safari yake ya Kericho alikuwa akifunga duka mapema, anaingia stoo, anatandika gunia katikati ya mifuko ya saruji na kufanya mazoezi ya kupiga goti. Goti la kulia lilimtii. La kushoto lilikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi, na kila likipinda lilitoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Kushuka hakukumshinda, kilichomshinda ni kuinuka. Alikuwa akijivuta kwa kushika rafu ya rangi, mpaka siku moja mkebe wa vanishi ukamwangukia begani, akatoka nje akijifanya ana shughuli nyingine.

Mateso haya yote yalikuwa kwa ajili ya Mwalimu Rodah Chepkemboi. Rodah alikuwa mjane, amestaafu ualimu, anaishi ng'ambo ya barabara na ng'ombe wake na kishamba cha chai. Alikuja dukani mara ya kwanza kutafuta mifereji ya kuvuna maji ya mvua. Akarudi kwa misumari. Akarudi tena kwa misumari, na Njuguna, ambaye naye mke wake alifariki zamani, akaanza kujiuliza ni nyumba gani hiyo inayomeza misumari namna hiyo. Hakuuliza kwa sauti. Alianza tu kumpimia kidogo kidogo, ili iishe haraka.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka wote wawili wazeeke kabisa, kama si Chelimo. Chelimo ni binti yake Rodah, ameolewa Eldoret, na alikuwa ameamua kwamba mama hawezi kuendelea kukaa peke yake. Lori la kumhamisha lilikuwa limeagizwa lije Jumatatu. Njuguna alipozisikia habari za lori, moyo ulimruka, na maneno aliyokuwa ameyameza tangu mwaka uliopita yakamtoka yote pale kaunta, mbele ya mteja aliyekuja kununua kufuli.

Rodah hakucheka, wala hakukataa.

"Baba Wacera," akamwambia, maana binti mkubwa wa Njuguna anaitwa Wacera, "mimi niko na kaka, Kericho. Baba yetu hayuko, kwa hivyo kaka ndiye baba. Ongea na yeye kwanza. Halafu Jumamosi jioni tutapanda kwake pamoja, kwa miguu, nikuonyeshe mahali nilizaliwa. Tukifika kwake nitakupatia jibu yangu."

"Na hiyo rori?"

"Lori ni ya Jumatatu. Mimi nimesema Jumamosi."

Jioni ileile Njuguna akampigia simu kaka mtu, Mzee Kipngeno. Alikuwa amejiandaa kwa mazungumzo marefu, hata akavaa tai, kana kwamba mzee angemwona. Mzee hakumpa nafasi.

"Njukuna," akasema kwa sauti nzito, "mimi sina maneno mingi. Ukikuja, koti. Pila koti, hakuna pipi."

Akakata simu.

Sasa, Njuguna alizaliwa Silibwet, wazazi wake wakiwa wametoka Nyeri, na utu uzima wake wote ameuzia Wakipsigis mabati. Kikipsigis chake kilikuwa cha dukani, cha kusalimu na kuhesabu mabomba, lakini Kiswahili cha wateja wake alikijua kuliko mtu yeyote sokoni. Mtu akiomba pati, anapewa bati. Akiomba kunti, anapewa gundi. Aliyetaka tirisha hakuwahi kuondoka bila dirisha lake. Njuguna hakuwacheka hata siku moja; alijivunia tu kwamba yeye haambiwi mara mbili. Ndiyo maana hakuhitaji kumuuliza mzee chochote. Pila ni bila. Pipi ni bibi. Basi koti itakuwa nini kama si goti?

Alishangaa kidogo kwamba mzee wa umri ule anafuata mambo ya vijana, wale wanaopiga goti hotelini huku wenzao wanawarekodi kwa simu. Lakini akasema moyoni, dunia imebadilika, na ukiambiwa goti, unapiga goti. Wala haikumjia akilini kwamba yeye mwenyewe, akisema bati, mdomo wake huongeza m mbele, na wateja wamemvumilia kimyakimya muda huo wote.

Jumamosi ikafika. Kericho alasiri mvua haiombwi. Ilimwagika kama kawaida, ikapiga mabati kwa hasira, halafu ikanyamaza ghafla na jua likatoka limeoshwa. Rodah na Njuguna wakashuka kituoni, wakaelekea kilimani. Rodah alivaa sweta la zambarau na viatu vya raba. Njuguna alivaa suruali yake ya kanisani, viatu vyeusi visivyo na kamba, na begani akaning'iniza mfuko alioufunga vizuri. Ndani yake Wacera alikuwa amemtilia chupa ya chai, na yeye mwenyewe akaongeza taulo la kutandika chini, ili suruali isiharibike.

Rodah aliutazama ule mfuko, akatabasamu.

"Naona umebeba."

"Nimebeba," Njuguna akasema, akifikiria chai.

"Kaka atafurahi sana."

Njuguna akafurahi pia. Shemeji anayefurahia chai ni shemeji wa kuishi naye.

Mtaa wa Bendera umekaa kwenye mgongo wa kilima, nje kidogo ya mji. Nyumba zake ni za mawe, zenye dohani na mabati mekundu yaliyopauka, zilizojengwa zamani za ukoloni kwa ajili ya makarani wa mashamba ya chai. Wenye nyumba wamebadilika mara nyingi tangu wakati huo, na bustani za maua zimekuwa sukuma wiki na migomba, lakini vijia vya mawe vingalipo, vinapanda kutoka kona hadi kona, na kila kona ina mahali watu husimama kutazama. Jioni, mvua ikiisha, nusu ya mji hupanda huko kuona jua likizama, na hakuna anayekumbuka nani alianzisha mtindo huo. Ni raha ya bure, na Kericho haijawahi kukataa raha ya bure.

Kona ya kwanza inaitwa Tangini, kwa sababu ya tangi kuukuu la chuma ambalo halijashika maji tangu Rodah akiwa msichana. Kutoka pale mji wote unaonekana, paa kwa paa, na nyuma yake chai, chai, chai, hadi macho yachoke. Baada ya mvua kijani kile kinang'aa mpaka mtu anataka kukipapasa.

"Tulikuwa tunagonga hii tangi na mawe," Rodah akasema, "halafu tunasema ni kengele ya shule. Watoto wadogo wanakimbia shule Jumapili!"

Akacheka peke yake, na Njuguna akaona ndiyo nafasi. Akafungua mfuko kidogo, akavuta ncha ya taulo, akaanza kushuka taratibu upande wa goti zuri. Goti lilikuwa halijagusa chini aliposikia sauti nyuma yake.

"Wasee! Cheki huyu mbuyu, huyu mzee, anapiga goti!"

Kundi la wasichana na wavulana waliokuwa wakijipiga picha juu ya tangi likageuka lote. Simu zikainuliwa. Mmoja akaanza kuimba wimbo wa harusi, na mwenzake akamsihi mzee angoje kidogo, jua lilikuwa linampiga vibaya. Jasho likamtoka Njuguna. Akakishika kiatu chake kwa mikono miwili.

"Nafunga kamba," akasema.

Rodah akakitazama kiatu. Kiatu hakikuwa na kamba. Vijana nao wakakitazama.

"Uko sawa, Baba Wacera?"

"Niko sawa. Niko sawa kabisa." Akajishika kwenye mguu wa tangi, akajivuta juu, meno yameumana. Rodah alikuwa amenyoosha mkono kumsaidia. Njuguna akajifanya hakuuona. Mwanamume hawezi kwenda kuposa huku anainuliwa na mposwa.

Wakaendelea kupanda. Njia ilipita katikati ya nyumba, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa umetanda chini chini. Mama mmoja aliyekuwa akianika vikombe akamtambua Rodah, akaruka ua na kumkumbatia, na wakasalimiana kwa Kikipsigis kirefu ambacho Njuguna alishika humo neno moja tu, nalo ni ng'ombe. Alisimama pembeni akiupumzisha mguu. Hakuwa na huzuni hata chembe. Hewa ilikuwa na harufu ya udongo na majani, mwanamke aliyempenda alikuwa anacheka na jirani wa zamani, na kona bado zilikuwepo mbele. Alijiona kama mtu wa miaka ishirini, ukiondoa goti.

Kona ya pili ni Ngazi ya Karani. Ni ngazi pana za mawe zilizokatwa kilimani, na katikati yake pana benchi la jiwe linalotazama upande wa Bomet. Baba yake Rodah alikuwa mmoja wa makarani waliozichonga, siku za Jumamosi, kwa sababu walichoka kufika nyumbani na matope hadi mapajani. Rodah akaketi kwenye benchi. Hapakuwa na vijana. Palikuwa na ndege, na mbali kabisa mlio wa trekta likirudisha wachuma chai.

Njuguna akashusha mfuko, akasimama mbele yake, akakohoa. Akaanza kupinda goti. Alikuwa amefika katikati, si chini wala si juu, Rodah aliposema:

"Hapa ndio Bethwel aliniambia anataka kunioa."

Bethwel alikuwa marehemu mumewe. Njuguna akabaki vilevile alivyokuwa, amepinda, mkono mmoja kwenye paja. Huwezi kupiga goti katikati ya habari za marehemu. Wala huwezi kusimama wima ghafla, ataona unakimbia habari zake.

"Alikuwa mtu mzuri," Rodah akaendelea, akitazama chai. "Mimi sina maneno mbaya juu yake. Lakini alikuwa na neno moja, Baba Wacera, hiyo neno mpaka leo sitaki kuisikia. 'Niko sawa.' Akikohoa, niko sawa. Akishindwa kukula, niko sawa. Nikimwambia twende Kaplong hospitali, niko sawa, mama, pika tu chai. Siku nilijua hayuko sawa, daktari alinitoa nje ya chumba ndio aniambie. Miaka yote tulikaa nyumba moja na hakunipatia hata nafasi ya kumsaidia. Nilimkasirikia kwenye kaburi, unajua? Watu wanalia, mimi nimekasirika."

Njuguna alitaka kusema jambo zuri. Alikuwa nalo, lilikuwa karibu kabisa na ulimi. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe, na Rodah akauona.

"Kwani wewe unaumwa na goti?"

"Hapana," Njuguna akasema haraka. "Niko sawa."

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Rodah alimtazama kidogo, akachukua leso yake kwenye benchi, akainuka na kuanza kupanda bila kumngoja. Mgongo wa lile sweta la zambarau ulikuwa umenyooka sana. Njuguna alimfuata akichechemea, akijitukana kwa Kikikuyu ngazi baada ya ngazi. Alijua amekosea. Alijua hata amekosea wapi. Asichokijua ni namna ya kulirekebisha kosa hilo wakati huohuo anatakiwa kupiga goti, maana mzee alisema wazi, bila goti hakuna bibi, na Jumatatu lori linakuja.

Kona ya mwisho inaitwa Mlingotini. Mlingoti wenyewe haupo. Kilichobaki ni msingi wa saruji ambako zamani ilikuwa ikipepea bendera ya Mwingereza, ndiyo iliyoupa mtaa jina. Nyumba ya Mzee Kipngeno iko hatua chache tu kutoka hapo, nyuma ya ua wa miti. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka, na nyanda za chini zinaenea kuelekea ziwani, na wakati huo jua lilikuwa limekaa ukingoni, jekundu, limefura, linazama bila haraka. Chai yote ilikuwa imegeuka rangi ya shaba. Hapakuwa na mtu mwingine. Rodah alisimama kwenye ule msingi, mikono kifuani.

Njuguna hakutandika taulo. Hakukohoa. Alishuka palepale alipokuwa, magoti yote mawili, katika tope ambalo ng'ombe wa mzee walikuwa wamelivuruga muda si mrefu. Suruali ya kanisani ikanywa maji.

"Mwalimu," akasema.

Rodah akageuka.

Hotuba yote aliyokuwa ameikariri kati ya mifuko ya saruji ikapotea. Jua likazama robo, likazama nusu, na Njuguna bado yupo chini anatafuta neno la kwanza. Mwishowe akaona afadhali asimame, apumue, aanze upya. Akajaribu kuinuka. Goti la kushoto likasema hapana. Akajaribu tena, akaegemeza mkono kwenye tope, mkono ukateleza, akabaki amekaa kama mtoto anayejifunza kutambaa.

"Baba Wacera? Uko sawa?"

"Niko sa..."

Akamtazama Rodah aliyesimama pale juu ya saruji, nyuma yake mbingu nyekundu, na akaona uso ule unangoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja kweli, na Njuguna akaogopa, kwa sababu ni rahisi zaidi kumwomba mtu akubali kuolewa nawe kuliko kumwambia kwamba mguu wako umekufa.

"Hapana," akasema. "Siko sawa. Hii goti ni mbaya, Rodah. Ni mbaya tangu zamani, na usiku inanitoa usingizi. Imekataa. Nisaidie niinuke."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu, bila ualimu. Rodah akashuka kutoka kwenye saruji. Akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akahesabu moja, mbili, kama alivyokuwa akiwahesabia wanafunzi mchakamchaka, akavuta. Njuguna hakuwa mwepesi. Walipanda, wakayumba, nusura warudi topeni wote wawili, na waliposimama wima Rodah alikuwa akicheka hadi machozi, paji la uso limeegemea bega lake.

"Sijamaliza," Njuguna akasema. "Hata sijaanza. Nilikuwa na maneno."

"Twende kwanza kwa kaka," Rodah akasema, akifuta macho. Jibu hakutoa. Lakini mkono wake aliupitisha kwenye kiwiko cha Njuguna na hakuutoa mpaka mlangoni.

Mzee Kipngeno alikuwa amesimama kibarazani, mtu mrefu, mpana, amejifunika blanketi mabegani kwa ajili ya baridi. Wakasalimiana. Mzee alimtazama Njuguna kuanzia kofia, akashuka, akafika kwenye magoti yenye tope na kusimama hapo kwa muda. Halafu akautazama mfuko.

"Njukuna," akasema. "Koti iko wapi?"

"Mzee, nimeshapiga," Njuguna akajibu kwa fahari.

"Umepika?"

"Nimepiga."

"Umepika nini?"

"Goti! Nimepiga, mzee. Huko Tangini, na kwa ngazi, na hapa nyuma ya ua yako." Akainua mguu kidogo kuonyesha ushahidi. "Hata dada yako ameona."

Mzee akamgeukia dada yake, apewe tafsiri. Lakini Rodah alikuwa ameshika mdomo. Alikuwa ameuchukua ule mfuko, ameufungua, na ndani ameona chupa ya chai na taulo. Akamtazama Njuguna, akayatazama magoti, akakitazama kile kiatu kisicho na kamba, na mambo yote ya jioni ile yakamwingia kwa mpigo.

"Baba Wacera," akasema polepole, "kaka alisema koti. Koti ya kuvaa. Kwetu anayeposa analetea mzee koti. Mimi nilifikiri umebeba kwa mfuko."

Njuguna alihisi damu inampanda masikioni. Akajaribu kueleza. Akaeleza kuhusu pila. Akaeleza kuhusu pipi. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Mzee Kipngeno ulivyozidi kukunjamana, mpaka Njuguna mwenyewe akajisikia anavyosikika, na akaacha katikati ya neno.

"Mimi nikisema koti," mzee akasema, "nasema koti. Wewe ndio umesikia ingine. Papa yetu alipewa koti na watu ya Pethwel, alipokufa tukamsika na hiyo koti. Leo mimi ndio papa. Na wewe unakuja hapa kunirekepisha Kiswahili?"

Hapo Njuguna aliumia kweli. Miaka yote alijiona mtu anayewaelewa majirani zake, kumbe kazi yake ilikuwa kuwasahihisha kichwani kabla hawajamaliza kusema. Na siku moja tu ambayo mtu alilitamka neno sawasawa, yeye hakumwamini. Angeuliza tu, "Mzee, koti ya kuvaa?" ingekuwa imekwisha. Alivua kofia.

"Mzee, nimekosa," akasema. "Sikukudharau. Nilijifanya najua. Nitaleta koti, na kama ni leo haiwezekani, nitarudi."

"Utaruti," mzee akakubali. "Siku ingine."

Siku nyingine. Njuguna akahesabu haraka: kesho Jumapili, maduka ya nguo yamefungwa, na Jumatatu lori. Akavaa kofia yake. Hakutaka kugombana na mzee kwake, tena na haki iko upande wa mzee.

"Kaka," Rodah akasema.

Hakupaza sauti. Ilikuwa ni ile sauti ya darasani, ambayo haiinuki na watoto wote wananyamaza.

"Bethwel alileta koti. Koti mzuri, hata mimi nilijivunia. Na alikufa bila kuniambia anaumwa wapi. Huyu hajaleta kitu. Lakini leo nimemuuliza uko sawa, akaniambia hapana. Koti yako utavaa, kaka, nitamsimamia mimi mwenyewe mpaka ailete. Lakini sitaki kungoja koti ndio nimjibu."

Mzee Kipngeno alilivuta blanketi likae vizuri. Akamtazama dada yake. Akalitazama tope. Kitu fulani kikatikisika chini ya lile blanketi, na ikachukua muda kidogo Njuguna kutambua kwamba mzee anacheka.

"Wewe ndio utakaa na yeye," akasema mwishowe. "Mimi nitakaa na koti."

Akafungua mlango, akawaachia njia. Lakini Rodah hakuingia. Alitoa simu mfukoni mwa sweta, akaibonyeza, akaishika mbele ya mdomo kama watu wasioamini kwamba simu inasikia yenyewe. Sauti ya Chelimo ikaja kutoka Eldoret, kubwa, inasikika kwa kila mtu.

"Chelimo, hiyo lori ya Jumatatu, mwambie dereva asikuje."

"Asikuje? Mama, nini imefanyika?"

"Hakuna kitu mbaya. Niko na mtu hapa kwa mjomba wako. Ameshindwa kuinuka, nikamuinua."

"Ati ameshindwa kuinuka? Ni nani huyo? Mama, ni mgonjwa?"

Rodah alimtazama Njuguna. Giza lilikuwa linaingia, na taa ya kibarazani ilikuwa imewaka juu ya suruali ile iliyoharibika.

"Si mgonjwa," akasema. "Ni mchumba wangu."

Njuguna alilisikia neno hilo likitamkwa waziwazi, herufi kwa herufi, na safari hii hakuna alichobadilisha. Machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake, naye akayaacha yashuke.